Kibarua Bila Barua

Jumamosi saa tisa, mashine zikizimwa, macho yote ya karakana yalihamia kwenye meza yangu. Mafundi wa kudumu walilipwa mwisho wa mwezi. Hawa wa Jumamosi walikuwa vibarua, nao walijipanga tangu mlangoni mpaka kwenye mwembe wa uani, kila mmoja na vumbi la mbao kichwani. Niliita jina, nikahesabu noti, naye akakandamiza gumba la kulia kwenye pedi ya wino wa zambarau, kisha kwenye kijitabu changu. Wengi wao walijua kuandika, na wawili watatu walikuwa na hati nzuri kunishinda. Gumba lilikuwa la haraka, basi, na tajiri alipenda mambo ya haraka.

Huo ulikuwa mwaka 2012. Karakana ilikuwa Bombolulu, Mombasa, ndani kidogo ya barabara ya Malindi ukielekea Ziwa la Ng'ombe, ikitengeneza vitanda, makabati na makochi. Nilikuwa na miaka 24 na hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kuitwa karani. Sitaitaja karakana wala mwenyewe, kwa kuwa ninayotaka kuyasema yananihusu mimi kwanza.

Nilitunza vitabu viwili. Kimoja kilikuwa daftari kubwa la mishahara, jalada gumu, majina manane: dereva, mlinzi, mimi, na mafundi watano. Hicho ndicho kilichoonyeshwa mkaguzi wa hesabu, watu wa NSSF, ule mfuko wa uzeeni, na watu wa bima. Cha pili kilikuwa kijitabu cha Jumamosi, chenye majina kumi na mawili na magumba kumi na mawili kila wiki. Kijitabu hicho kililala ndani ya mtoto wa meza, pamoja na mkasi na chaki, na hakikuonyeshwa mtu.

Ajenti wa bima alikuja kila Januari. Alikuwa mzee mpole kutoka Kongowea, na swali lake halikubadilika: mna watu wangapi, na kwa mwaka mnawalipa jumla ya shilingi ngapi? Bima ya fidia kwa wafanyakazi huhesabiwa hivyo. Jumla ya mishahara ya mwaka hupigwa kwa asilimia fulani, na asilimia hiyo hupanda kadiri kazi inavyokuwa ya hatari. Karani anayeshinda kitini ni nafuu. Anayesukuma mbao kwenye msumeno wa mviringo ni ghali. Ina maana kila jina unaloliandika lina gharama, na jina la mtu wa msumeno ndilo lenye gharama kubwa. Yule aliye karibu zaidi na kuumia ndiye ambaye mwajiri hushawishika zaidi kumwacha nje ya orodha.

Tulimwambia ajenti tuko wanane. Mimi ndiye niliyemwambia.

Si kwamba sikuwa nimepiga hesabu. Kibarua alilipwa 500 kwa siku. Siku 26 za mwezi zilimpa 13,000. Kumi na wawili kwa mwaka mzima walifikia 1,872,000, na kwa asilimia 2 tuliyokuwa tukitozwa kwa watu wa mashine, kuwaongeza wote kungegharimu 37,440. Kitanda kimoja cha mvule chenye nakshi kiliuzwa kwa zaidi ya hapo. Nilimpelekea tajiri karatasi ya hesabu hiyo. Hakukasirika. Alivua miwani akaniambia, "Binti yangu, hawa ni watu wa kupita. Leo wako hapa, kesho wako Mtwapa. Nitamkatia bima mtu ambaye Jumatatu simjui atakuwa wapi?"

Alikuwa na ukweli wake, na yeyote anayeandika juu ya bima ya wafanyakazi bila kuukubali ukweli huo anaandika juu ya karakana ambayo haipo. Vibarua walibadilika. Mmoja alikuja wiki tatu, akapata mjengo Kiembeni, akaenda. Mwingine hakuwa na kitambulisho, na kitambulisho huku Pwani si jambo la kuamka asubuhi ukalipata. Zaidi ya hayo, wao wenyewe hawakutaka kuandikwa.

Hili la mwisho lilinifundisha zaidi ya yote. Kulikuwa na kijana mmoja wa kutoka Ganze, mtulivu, mwenye mke na mtoto wa miezi minane chumba cha kupanga Ziwa la Ng'ombe. Alifanya kazi kwetu tangu Februari bila kukosa wiki. Mwezi wa Mei nilimwambia ninataka kumpendekeza aingizwe kwenye daftari kubwa. Alitazama nyuma kama tunasikilizwa, kisha akasema, "Dada, usiniandike." Alikuwa ameona mafundi wa kudumu wakilalamika mwisho wa mwezi: hapa imekatwa ya NSSF, hapa imekatwa ya NHIF, ya matibabu. Kwake, kuandikwa kulikuwa ni kukatwa. Mia tano yake aliitaka nzima.

Ningepaswa kumwambia kwamba hii ya kuumia kazini si kama zile. Sheria inaiweka gharama yote kwa mwajiri, na haimruhusu kuchukua hata senti moja kutoka mshahara wa mfanyakazi. Sikumwambia. Sikuwa nimeisoma sheria, na kukataa kwake kulinipunguzia kazi. Nilimjibu, "Haya, kaka," nikafunga mtoto wa meza.

Mwaka ule Ramadhani iliingia mwishoni mwa Julai, na anayejua biashara ya samani Mombasa anajua maana yake. Kila nyumba inataka kochi jipya kabla ya Idi. Oda zilikuwa zimebandikwa ukutani mpaka nafasi ikaisha. Kifuniko cha msumeno mkubwa kilikuwa kimetolewa tangu Juni kwa sababu kilizuia mbao nene kupita, na hakuna aliyekirudisha. Alasiri moja nikiwa nahesabu misumari, nilisikia mashine ikibadilisha sauti, halafu kimya, halafu mtu akiita mama yake kwa Kigiriama.

Nilivua leso niliyojitanda, tukamfunga mkono. Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia havikuwapo, na cha pete kilikuwa kikining'inia. Fundi mmoja alipiga magoti akavitafuta kwenye unga wa mbao. Tulimpakia kwenye tuktuk. Foleni ilikuwa imeanzia Kongowea, na juu ya daraja la Nyali tulisimama muda ambao mpaka leo siwezi kuukadiria. Yeye hakulia tena. Aliniuliza mara moja tu kama Jumamosi atalipwa siku nzima au nusu.

Kule hospitali ya Makadara walimwokolea mkono na kile kidole cha pete, ingawa kimebaki kigumu, hakikunjiki. Jioni ileile, nje ya lango, mtu aliyejitambulisha kuwa wa afisi ya wakili alinipa kadi. Alisema twende mahakamani, hela ni nyingi, wakili atakata chake mwisho. Siku hizo sheria yenyewe ilikuwa imeyumba. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ambayo watu huiita WIBA tu, ilipitishwa 2007 na kuanza kutumika 2008, ikichukua nafasi ya ile ya zamani ya tangu ukoloni, Sura ya 236. Ilitaka madai yote yaende kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini badala ya mahakamani. Chama cha Mawakili kilipinga, na Machi 2009 Jaji Jackton Ojwang wa Mahakama Kuu akavitangaza vifungu kadhaa kuwa kinyume cha Katiba, kikiwemo kile kilichomzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri. Mahakama ya Rufani ilirudisha vingi vya vifungu hivyo Novemba 2017, na Mahakama ya Juu ikaunga mkono Desemba 2019. Miaka yote hiyo katikati, mtu aliyekatika kidole Mombasa alisimama kwenye njia panda bila kibao, na aliyemwonyesha njia mara nyingi alikuwa na faida yake huko alikomwelekeza.

Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali ndani ya siku saba. Kuna fomu yake, WIBA 1, ambayo sehemu moja hujazwa na mwajiri na nyingine na daktari. Siku ya tano tajiri aliniita. Kampuni ya bima ilikuwa imejibu kwa simu: mtu huyu hayumo kwenye orodha mliyotupa. Hapo ndipo aliponiambia nichape barua ya kusema kwamba yule kijana hakuwa mfanyakazi wetu, alikuwa mgeni wa fundi mmoja aliyekuja kuangalia mbao na kugusa mashine bila ruhusa.

Nilichapa. Mistari sita, tarehe, muhuri. Nilikuwa na kodi ya nyumba na mdogo wangu kidato cha tatu. Ninaeleza tu hali ilivyokuwa. Sijitetei kwa hayo.

Nyumbani kwetu hatukuficha mambo, na usiku ule nilimweleza baba. Alikuwa kuli wa Kilindini mpaka alipostaafu, mgongo umepinda upande kwa magunia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliniuliza kama najua kwa nini kibarua anaitwa kibarua. Nilisema ni kazi ya siku. Akasema hapana, ni barua ndogo. Zamani mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi, na siku zake zikatiwa alama humo. Mtu mwenyewe akaja kuitwa kwa jina la ile karatasi. Kule gatini, alisema, wazee wake walipigania kuandikwa. Vibarua wa bandari walianza kusajiliwa katika miaka ya 1940, na Januari 1947 mji mzima ulisimama kwa mgomo, kuanzia gati mpaka reli. Yeye alipoingia kazini alikuta kila mtu ana namba. "Ukiangukiwa na mzigo," aliniambia, "kitu cha kwanza wanauliza namba yako. Huyo kijana wako namba yake iko wapi?"

Iko kwenye mtoto wa meza, nilijua. Jumamosi ishirini na kitu, gumba moja baada ya jingine.

Sikukitoa kijitabu kesho yake. Nilingoja wiki tatu nzima, na majuto yangu mengi yako ndani ya wiki hizo. Kijana aliponijia alisimama langoni, mkono umefungwa bandeji, mtoto kabebwa na mkewe kando. Tajiri alikuwa amempa bahasha ya 15,000 za pole na karatasi ya kutia sahihi kwamba hana dai lolote tena. Alitia gumba. Sasa mwenye nyumba anadai kodi ya miezi miwili. Aliniuliza kitu ambacho sikukitarajia. Alinyoosha kidole cha mkono mzima kuelekea barabarani. "Dada, pale kwa walemavu hawachukui mtu aliyepoteza vidole viwili?"

Pale ni Bombolulu Workshops. Kila mtu wa mtaa wetu amekua akipita lile lango. Pamekuwapo tangu 1969, chini ya chama cha walemavu cha APDK, na watu wenye ulemavu hutengeneza hapo vipuli na mikufu, vitambaa, mikoba ya ngozi, vinyago, hata viti vya magurudumu. Watalii walikuja kwa mabasi. Nilipokuwa mtoto tulijua polio kwa kuwaona wao, na tuliwaheshimu, kwa maana walikuwa na kazi na walijenga nyumba. Mtaa wetu ulijulikana duniani kwa jambo hilo jema. Na sisi, hatua chache kutoka hapo, tulikuwa tunatengeneza walemavu wapya kwa msumeno usio na kifuniko, kisha tunaandika barua kwamba hatuwajui.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia aningoje kwenye kibanda cha chai. Nilirudi ndani, nikachukua kijitabu, nikakitia kwenye mkoba.

Afisa wa usalama na afya kazini tuliyemkuta mjini alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini. Alisoma barua yangu ya mistari sita, akaiweka kando. Akafungua kijitabu. Akafunua kurasa polepole, akihesabu kwa ncha ya kalamu, na kwa muda mrefu hakusema neno. Halafu alitueleza mambo ambayo ningetamani yabandikwe kwenye kila karakana kuanzia Likoni mpaka Mtwapa.

Haki ya fidia haitokani na bima. Inatokana na kazi. Mwajiri analazimishwa na sheria kukata bima, na asipokata anatenda kosa, lakini kosa lake halimwondolei aliyeumia chochote: deni linabaki kwa mwajiri mwenyewe, kutoka mfukoni mwake. Kijana yule, na mimi pia, tulikuwa tunaamini kinyume. Tuliamini kwamba asiye kwenye bima hana dai. Nimekutana na wafanyakazi wengi tangu siku hiyo, wa mjengo, wa majumbani Nyali, wa kubeba mizigo, na karibu wote wanaamini hivyohivyo. Wanaambiwa "huna bima," na wanasikia "huna haki."

Alisema pia kwamba haulizwi nani alikosea. Hata mfanyakazi akiwa mzembe, fidia ipo. Ni kosa la makusudi tu linaloweza kuizuia, na hata hilo halizuii pale mtu anapopata ulemavu mkubwa au kufa. Ile karatasi ya gumba ya kukana madai haikuwa na nguvu, kwa sababu sheria haimruhusu mfanyakazi kuiuza haki hii. Dai hupelekwa ndani ya miezi 12. Likishawasilishwa, mwajiri au kampuni ya bima ana siku 90 za kulipa.

Daktari aliandika ulemavu wa asilimia 20. Sheria huhesabu mapato ya miezi 96 kwa ulemavu kamili, na sehemu yake kwa ulemavu usio kamili. Afisa alichukua Jumamosi zangu, akapata 13,000 kwa mwezi, akapiga hesabu mbele yetu: 1,248,000, asilimia 20 yake ni 249,600. Hapo bado malipo ya miezi aliyokaa bila kufanya kazi. Nilikumbuka ile karatasi ya 37,440. Kwa vidole vya mtu mmoja, tajiri alikuwa anadaiwa karibu ada ya miaka saba ya watu wote kumi na wawili.

Sikurudi kazini Jumatatu. Sikufukuzwa, niliambiwa nisubiri nyumbani, na bado nasubiri.

Siku 90 zilipita. Tajiri alilipa kwa vipande, 20,000, 10,000, mwezi mwingine hakuna kitu, na mpaka mwaka wa pili unaisha alikuwa hajamaliza. Alipunguza watu, akauza mashine moja. Yule naye alikuwa mtu wa watoto watano na madeni ya mbao, na sikufurahia kumwona akihangaika. Kampuni ya bima ndiyo ingelipa kwa mkupuo na karakana ikaendelea. Watu huizungumza bima kama sadaka ya mwajiri kwa mfanyakazi. Mimi nimeona ikikosekana, na nimeona walioanguka walikuwa wawili.

Shemeji yangu anafanya kazi Tanga. Kwao Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya 2008 na kuanza kukusanya michango Julai 2015. Kila mwajiri anachangia sehemu ndogo ya mishahara kwenye chungu kimoja, badala ya kila mmoja kutafuta kampuni yake kama sisi. Ninaupenda mpango huo. Unamwondoa ajenti na mwajiri wanaobishana bei ya jina. Hata Ujerumani, ilipoanzisha bima ya ajali kazini 1884, iliwaweka waajiri pamoja kwenye vyama vya lazima. Ila nilipomuuliza shemeji kuhusu wale wanaopakua mahindi kwa siku, alicheka kidogo akasema, "Hao hawajaandikwa." Chungu ni kimoja, lakini mlango wake nao ni daftari.

Leo ninatunza hesabu za karakana ndogo sita, kati ya Mlaleo na Mtopanga: za vyuma, za alumini, mbili za mbao. Sharti langu ni moja kabla sijakubali kazi. Kila Jumatatu asubuhi kila anayeshika chombo anaandikwa kwenye kitabu cha kurasa pacha, jina, tarehe, kazi, malipo, na nakala moja anapewa mkononi aende nayo. Jumla ya kitabu hicho ndiyo inayokwenda kwa ajenti. Waajiri wawili walikataa, tukaachana kwa heri. Waliobaki wamezoea.

Jumatatu iliyopita kijana mmoja wa kuchomelea, mgeni, alinirudishia nakala yake ikiwa bado haijakunjwa. "Dada," akasema kwa sauti ya chini, akitazama nyuma, "usiniandike."

Nikavuta kiti cha pili, nikamwambia akae.